Miezi Mitano Ughaibuni kwa Pensheni ya Mwalimu: Kweli au Si Kweli?

Kwa miaka 34 niliwaandikia watoto sentensi kumi ubaoni, kisha nikawaambia: mbele ya kila sentensi andika KWELI au SI KWELI. Nilipostaafu nilidhani nimeachana na zoezi hilo. Likanirudia siku habari ilipoenea mtaani kwetu Tanga kwamba nakwenda Leicester, Uingereza, kukaa kwa binti yangu kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Septemba. Kila aliyekuja kunisalimu alikuja na sentensi yake. Wazee hawapewi viza. Bima haimtaki mwenye presha. Ukivuka mpaka tu, pensheni inasimamishwa. Wote walinitakia mema, lakini sentensi zao nyingi hazikuwa za kweli, na mbili tatu zingenipotezea fedha ambayo mstaafu haioni mara mbili.

Tangu nirudi, wenzangu niliostaafu nao wananipigia simu kuuliza yaleyale. Nawajibu hapa. Kuna maswali ya mstari mmoja na kuna ya kukaa chini na kuyatazama vizuri, kwa hiyo sitayapa yote nafasi sawa.

"Wazee hawapewi viza."

SI KWELI. Uzee si sababu ya kumnyima mtu viza ya kutembelea. Ofisa anayesoma maombi yako anatafuta majibu ya maswali mawili: nani analipa, na je, utarudi? Kwa swali la pili mstaafu ana majibu mazuri kuliko kijana. Ana nyumba yenye hati, ana pensheni inayoingia kila mwezi katika benki ya nyumbani, ana watoto wengine na wajukuu hapa, pengine ana mume au mke anayebaki. Yaandike hayo na uambatishe ushahidi wake.

Kinachowaangusha wengi ni kuionea aibu pensheni ndogo. Mtu anatazama taarifa yake ya benki, anaona haijazi macho, anaazima milioni kumi kwa ndugu na kuziweka kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Ofisa akiona fedha zimetokea ghafla hujiuliza ni za nani, na hata pensheni yako halali anaanza kuitilia shaka. Acha akaunti isome ilivyo. Kama mtoto ndiye atakayekulaza na kukulisha, basi aandike barua ya mwaliko, aambatishe hati za mshahara wake, kibali chake cha kuishi kule na mkataba wa nyumba. Wakala anayekuambia "viza naitoa mimi" anakudanganya. Viza hutolewa na serikali ya nchi unayokwenda. Kwa Uingereza, udanganyifu katika maombi unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, kwa hiyo soma kila karatasi inayowekwa kwa jina lako kabla haijatumwa.

"Ukipata viza ya miaka 10, unaweza kukaa miaka 10."

SI KWELI, na katika zote hii ndiyo ya hatari zaidi. Tarehe iliyo kwenye viza inasema hadi lini unaruhusiwa kubisha hodi. Haisemi utakaa ndani siku ngapi. Uingereza hutoa viza za kutembelea za miezi 6, miaka 2, miaka 5 na miaka 10, lakini kwa zote hizo kila ziara isizidi miezi 6. Wala usidhani kwamba ukitoka wiki moja na kurudi, hesabu inaanza upya bila maswali. Ofisa wa mpakani akiona umeifanya nchi ile makazi yako kwa ziara za kufuatana, anaweza kukurudisha.

Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ambazo sasa ni 29, zina hesabu yao: siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Hapa hukosea hata watu wasomi. Hesabu hiyo haianzi upya Januari, wala haianzi upya ukivuka kutoka Ujerumani kwenda Ubelgiji, kwa kuwa nchi zote 29 ziko kapu moja. Siku ya kutua inahesabiwa, na siku ya kuondoka inahesabiwa pia. Ukikaa siku 60 katika Machi na Aprili, ukarudi Juni, umebakiwa na siku 30. Nunua daftari dogo uandike kila siku unayokuwa kule. Mimi nilitundika kalenda jikoni kwa binti yangu, nikawa nakata siku moja moja kwa kalamu nyekundu kila asubuhi nikisubiri chai ichemke.

Marekani, siku ya mwisho ya kukaa hupangwa na ofisa pale unapoingia, si na viza. Ukiipitisha tarehe hiyo kwa zaidi ya siku 180, ukishatoka unafungiwa miaka 3. Ukiipitisha kwa mwaka mmoja au zaidi, unafungiwa miaka 10. Fikiria bibi wa miaka 70 anayefungiwa miaka 10 asiwaone wajukuu zake, kwa sababu tu mtu alimwambia "kaa, hakuna anayekuja kukuuliza". Na masharti ya Marekani kwa nchi zetu, Tanzania ikiwemo, yamekazwa sana tangu 2025, basi soma tangazo la ubalozi wa Marekani la wiki ileile unayotaka kuomba, usitegemee habari ya jirani aliyekwenda mwaka juzi.

Nchi moja imeweka mlango wa wazazi hasa: Canada. Wana viza iitwayo Super Visa, ya mzazi au babu na bibi wa raia au mkaazi wa kudumu. Humruhusu mzee kukaa hadi miaka 5 kwa mkupuo mmoja. Masharti yake si mepesi: mtoto au mjukuu aonyeshe kipato kinachotosha, mzee apimwe afya, na pawepo bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 za Canada. Lakini mwenye mtoto kule anayejiweza, na aanzie hapo kabla ya kuhangaika na viza ya kawaida.

"Safari ndefu ni ya matajiri, mwenye pensheni aende wiki mbili."

SI KWELI. Chukua kalamu tuhesabu. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,400,000. Ukikaa siku 14, kila siku imekugharimu nauli ya zaidi ya shilingi 171,000 kabla hujanywa hata maji. Ukikaa siku 120, kila siku ni shilingi 20,000. Ada ya viza nayo ni ileile, na kuchoka kwa safari ni kulekule.

Kisha angalia msimu. Nauli za kwenda Ulaya hupanda kati ya Juni na Agosti shule zinapofungwa, na hupanda tena Desemba. Mimi niliondoka kabla ya kupanda kwa kwanza na nikarudi baada yake. Mstaafu anaweza kuchagua tarehe. Binti yangu mwenye mshahara hawezi. Miezi hiyo pia ilininusuru na gharama za baridi. Nilikwenda na koti moja la mtumba nililolinunua Ngamiani, hapa Tanga, soksi nzito na sweta mbili, na zikatosha. Ningekwenda Novemba, binti yangu angelazimika kuwasha joto la nyumba mchana kutwa kwa ajili yangu peke yangu, na bei ya gesi kule si mchezo.

Gharama inayosahaulika iko nyumbani, si ughaibuni. Ukiondoka miezi mitano, kijana anayelinda nyumba bado analipwa, bili ya maji bado inakuja, na kuku wanataka pumba. Vyumba vyangu viwili vya uani nilivipangisha kwa miezi sita, kodi ikalipwa mbele kama ilivyo desturi, na hiyo ndiyo iliyonunua bima yangu. Ningeacha kuhesabu upande wa nyumbani ningerudi na madeni ambayo hakuna aliyeniona nikiyafanya.

Jambo jingine dogo: lipa kidogo zaidi upate tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe. Mzee huugua, mwana hujifungua mapema, msiba hutokea. Tiketi isiyobadilika ni rahisi mpaka siku unayohitaji kuibadilisha.

"Kwa mwanao unakaa bure."

Kuna ukweli kidogo, lakini zaidi SI KWELI. Kodi ya nyumba hulipi, hilo ni kweli. Lakini kila unachokula, kila maji ya moto unayooga, kila nauli ya kukupeleka na kukurudisha inatoka kwa mtu, na mtu huyo mara nyingi hakuambii. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni wa siku zaidi ya 130. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi tulizungumza na binti yangu kwa simu, jioni mbili nzima, mambo ambayo mama na mwana huoneana haya kuyasema. Nitachangia kiasi gani cha chakula? Tukakubaliana kiasi kidogo kisichovunja pensheni, lakini cha kila mwezi. Nitapika siku zipi? Mumewe, ambaye namheshimu sana, angependa nimuite vipi mbele ya wageni? Na jambo kubwa: mjukuu.

Nchi nyingi haziruhusu mwenye viza ya kutembelea afanye kazi. Uingereza inaelewa kwamba bibi amekuja kuona familia yake na atamshika mjukuu wake. Kinachokatazwa ni kuigeuza ziara kuwa ajira ya ulezi. Lakini weka sheria pembeni kwanza. Nimewaona akina mama wa umri wangu waliokwenda "kupumzika kwa mwanangu" wakarudi migongo imepinda, kwa sababu kila siku saa moja asubuhi mtoto huachwa mikononi mwao hadi saa kumi na mbili jioni. Sisi tulipatana: siku tatu za wiki mjukuu ni wangu, siku mbili anakwenda chekechea yake kama kawaida, na Jumamosi na Jumapili wazazi wanalea. Binti yangu alilipokea vizuri. Nadhani alifurahi kwamba nimelisema mimi, yeye asilazimike kuniuliza.

Hata hivyo, wiki ya tatu nililia. Nyumba ilikuwa kimya tangu saa mbili asubuhi, jirani hajulikani jina, na mchana wa kule hauishi. Juni jua la Leicester huzama saa tatu na nusu usiku, na alfajiri inakuja kabla hujashiba usingizi. Kilichonitoa hapo hakikuwa fedha. Kwanza nilidai ufunguo wangu mwenyewe wa nyumba. Pili, mkwe wangu alinifundisha basi moja tu, namba yake na vituo vyake, nikalipanda peke yangu mara tatu hadi hofu ikaisha. Maktaba ya mtaa ni bure kuingia na kuketi. Na siku moja, katika duka la mboga Barabara ya Belgrave, nilikuwa nikimwambia mjukuu asishike bamia, mzee mwenye duka akanijibu kwa Kiswahili. Mji ule ulipokea Waasia wengi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na wazee wao wengi hawajakisahau Kiswahili. Tangu siku hiyo nilikuwa na mahali pa kwenda kila Jumatano, hata kama ni kununua kitunguu kimoja.

Kuhusu bei za wazee, kuwa makini. Kadi ya basi ya bure ya wazee wa Uingereza ni ya wakaazi, mgeni hapewi. Lakini kadi ya treni ya wazee, Senior Railcard, huuzwa kwa yeyote mwenye miaka 60 na zaidi, hata kwa pasipoti ya Tanzania. Hugharimu pauni 35 kwa mwaka na hupunguza theluthi moja ya nauli kwa safari nyingi. Kwa safari mbili tatu za London fedha yake imerudi. Na London kwenyewe, makumbusho makubwa ya taifa, kama British Museum, hayana kiingilio.

"Bima ya nyumbani itanifuata" na "Bima haimtaki mzee."

Hizi mbili nazijibu pamoja kwa sababu zinaongoza watu kwenye shimo moja: kusafiri bila kinga. Zote SI KWELI. Kadi ya bima ya afya unayoitumia hospitali ya mkoa haitambuliwi Leicester wala Toronto. Na kampuni za kumkatia mzee bima ya safari zipo, ila zina mipaka ambayo ni lazima uisome mwenyewe, miwani ikiwa usoni.

Mpaka wa kwanza ni siku. Bima nyingi za safari hukoma siku 30, 60 au 90 kwa safari moja. Mwenzangu mmoja alikwenda miezi minne kwa bima ya mwezi mmoja. Alionyesha karatasi ubalozini, akaruhusiwa, na miezi mitatu iliyobaki aliishi kwa kudra za Mungu. Mpaka wa pili ni umri: bei hupanda baada ya miaka 65 au 70, na baadhi ya kampuni hukataa kabisa baada ya umri fulani. Mpaka wa tatu, ambao huumiza kuliko yote, ni ugonjwa ulio nao tayari.

Nilipokwenda kununua, muuzaji aliniambia nisiandike presha ili bei ishuke. Nilitoka nikaenda kwingine. Ukificha presha, halafu ukapata kiharusi ughaibuni, kampuni itaomba majalada yako ya hospitali, itaona dawa unazomeza, na haitalipa. Umelipia karatasi tupu. Andika presha, andika sukari, andika upasuaji wa mwaka ule, halafu omba wakuandikie wazi kwamba magonjwa hayo yamo ndani ya bima. Likiwa si kwa maandishi, halipo.

Kwa nini niling'ang'ania hivyo? Kwa sababu watu husema Uingereza matibabu ni bure. Idara ya dharura ya hospitali za serikali kule haimtozi mtu yeyote, hilo ni kweli. Lakini ukilazwa tu wodini, mgeni huanza kulipishwa, na kiwango chake ni asilimia 150 ya bei ya kawaida ya huduma hiyo. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa bila kulipwa, hospitali hulipeleka kwa watu wa uhamiaji, na linaweza kukunyima viza ijayo. Schengen wao hawakupi hata viza bila bima: lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000, ikiwemo gharama ya kukurudisha nyumbani ukiugua au ukifariki.

"Dawa nitanunua hukohuko."

SI KWELI. Dawa ya presha ambayo hapa unaichukua dukani kwa kutaja jina tu, kule haitoki bila cheti cha daktari wa kule, na kumwona daktari ni safari nyingine. Beba dozi ya muda wote utakaokaa, na wiki mbili za ziada. Ziache katika pakiti zake za asili, usizimwage kwenye vikopo vya plastiki. Omba daktari wako akuandikie barua yenye jina halisi la dawa, si jina la kampuni tu, maana jina la dukani hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Insulini iwe mkononi, kamwe si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, ambako inaweza kuganda na kuharibika.

Ndugu zangu wa pwani wenye jamaa Dubai na Abu Dhabi, hili ni lenu hasa: tramadol na dawa za maumivu zenye kodeini ni dawa zinazodhibitiwa Falme za Kiarabu. Ukiwa nazo bila kibali cha mamlaka zao unaweza kukamatwa. Mzee mwenye goti bovu hubeba dawa hizo bila kujua ni kosa. Uliza mapema.

Majira nayo yaangalie. Kati ya Aprili na Oktoba Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili. Kidonge cha saa mbili usiku Tanga kinakuwa cha saa kumi na mbili jioni kule. Nilimuuliza daktari, akanielekeza jinsi ya kukihamisha kidogo kidogo.

"Dagaa hupita, samli haipiti."

KWELI. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, na samli ni ya maziwa. Samaki mkavu ana ruhusa yake. Kwa Umoja wa Ulaya hadi kilo 20, na asali hadi kilo 2. Samli yangu iliishia kwa dada yangu kabla sijaondoka. Dagaa walifika salama.

"Kiti cha magurudumu uwanja wa ndege ni cha wagonjwa, na kinalipiwa."

SI KWELI. Ni cha yeyote ambaye mwendo mrefu unamshinda, na hakilipiwi. Mjulishe muuza tiketi angalau saa 48 kabla. Viwanja vikubwa vya kubadilishia ndege vina mwendo wa nusu saa na zaidi kati ya lango na lango, na maandishi hayasomeki kwa haraka. Anayekusukuma anajua njia, anajua foleni, na hakuachi mpaka kwenye lango lako. Ndani ya ndege inuka utembee kila baada ya muda na uzungushe vifundo vya miguu. Safari ya saa nne na zaidi inakaribia kuongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

"Kwenda nje ni kwenda Ulaya."

SI KWELI, na inanisikitisha kwamba nilichelewa kulijua hili. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kuingia nchi nyingine mwanachama na kupewa pasi ya bure ya hadi miezi 6. Angalia tu mhuri wako umeandikwa siku ngapi, kwa sababu mara nyingine ofisa huandika pungufu. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka baina yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi Watanzania tubebe pasipoti. Mwalimu mwenzangu alikwenda kwa mwanawe Kigali kwa basi kupitia Rusumo, akakaa miezi mitatu, na fedha yake yote haikufika nauli yangu ya ndege. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, ingawa sokoni alijifunza maneno ya Kinyarwanda kwa vidole kwanza. Tahadhari yake moja: Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500, na vilima vyake vinachosha moyo. Mwenye matatizo ya moyo azungumze na daktari.

Kadi ya homa ya manjano inayotakiwa kwenye baadhi ya mipaka haiishi tena baada ya miaka 10. Tangu Julai 2016 chanjo moja ni ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa tarehe ya mwisho. Lakini kama una zaidi ya miaka 60 na hujawahi kuchanjwa, mwone daktari kwanza, kwa sababu chanjo hiyo ya mara ya kwanza huweza kuleta madhara zaidi kwa wazee.

"Ukitoka nchini pensheni inasimama."

SI KWELI. Kinachosimamisha pensheni ni kukosa uhakiki. Mfuko unataka kujua kwamba u hai, na ukipita muda wako bila kujitokeza, malipo hukwama, uwe Leicester au uwe Handeni. Nenda ofisi ya mfuko wako kabla ya safari, uliza uhakiki wako unaangukia mwezi gani na unafanywaje ukiwa mbali. PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, wana programu ya simu, PSSSF Kiganjani, ambayo mstaafu anaweza kujihakiki kwayo. Jifunze kuitumia ukiwa bado na mjukuu wa nyumbani wa kukusaidia.

Laini yako ya simu ya Tanzania usiiache droo ya nyumbani. Benki hutuma namba za uthibitisho kwa laini hiyo, na laini isiyotumika kwa miezi hufungwa. Iwezeshe kupokea ujumbe nje ya nchi, uitumie mara moja moja. Na mwachie mtu mmoja unayemwamini hati ya uwakili iliyosainiwa kwa mwanasheria, ili kodi ya jengo ikidaiwa au mpangaji akileta shida, awe na mamlaka ya kusema.

"Mzee asikae mbali muda mrefu, atafia ugenini."

Sentensi hii alinipa mama mdogo wangu, mwenye miaka 84, akinishika mikono yote miwili. Siwezi kuandika mbele yake KWELI wala SI KWELI. Mtu hufa popote. Ninachojua ni kwamba hofu hii ndiyo iliyo nyuma ya zile nyingine zote, na haiondoki kwa kuambiwa "usiwaze hayo". Inapungua ikishughulikiwa. Bima yangu ilikuwa na kipengele cha kurudisha mwili nyumbani, na nilikisoma mara mbili. Lakini sisi Waislamu huzika mapema, na kusafirisha maiti kutoka Uingereza huchukua siku, hati na vibali. Kwa hiyo nilipaswa kuamua mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, nisiwaachie watoto wangu wabishane kwa simu kati ya Tanga na Leicester huku kila mmoja akilia.

Wiki ya pili tulipokuwa jikoni nilimpa binti yangu bahasha. Ndani niliandika nikizidiwa aitwe nani kwanza, namba ya bima ni ipi, wosia wangu uko kwa nani, na kwamba likitokea la kutokea huko, wanizike hukohuko kwa haraka, wala asitokee mtu nyumbani akawalaumu. Mama mdogo niliwahi kumweleza kabla sijaondoka, na alikubali kwa shingo upande. Binti yangu aliisoma amesimama karibu na sinki. Hakusema kitu. Aliikunja, akaiweka kwenye droo ya juu, mahali zinapokaa pasipoti, kisha akaniuliza pilau ya leo aikaangie vitunguu vingi au kiasi, kama alivyokuwa akiipenda marehemu baba yake. Nikamwambia vingi, na tukaketi kuvimenya.